Mbwa wa Mektrida

Siku mbili kabla ya Krismasi, Mektrida alikuwa anamenya ndizi za mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, nyumbani kwake Kibosho alipogundua kuwa hakuna aliyelala juu ya miguu yake. Kamishna, mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililosimama, hajawahi kukosa siku ya mtori. Filemon, mume wa Mektrida, alimwacha mbwa huyo bado mdogo alipofariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo yeye ndiye aliyelala mlangoni kila siku. Watoto na wajukuu walikuwa njiani kutoka Dar. Kila aliyepiga simu alimuulizia Kamishna kwanza, ndipo akamuulizia yeye.

Stella, jirani asiyepitwa na habari, alituma picha ya mbwa kwenye kundi la jumuiya. Kabla nyama haijachemka yakaja majibu kumi na saba. Mtu mmoja wa kule mjini Mkuu alisema amemwona, akatuma na picha. Alikuwa mbuzi.

"Huyu usimtume kuchinja Krismasi," Stella akasema.

Saa tano wakamsikia Kamishna akibweka mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, kati ya safu mbili za masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga huipanda kuonyesha shamba la huyu linaishia wapi. Safu ya zamani, iliyobaki visiki, ilipandwa na baba mkwe wa Mektrida. Mpya aliipanda Kornel, mdogo wake Filemon, wiki ya matanga ya kaka yake, hatua nane ndani ya shamba la Mektrida, wakati watu wakila. Tangu hapo kipande kile cha katikati hakikujua ni cha nani. Migomba ya humo ilionekana vizuri tu, lakini chochote kilichoingia kilisikika bila kuonekana. Watu walishazoea kupita mbali.

Mektrida akarusha mfupa. Mfupa ukapotea hewani, kisha ukasikika ukitafunwa.

"Afadhali anakula," akasema.

"Ukimwita jina tupu haji, mama," Stella akamwambia. "Mimi kandambili zangu ziliingia humo siku ya matanga. Nimeita we, wapi! Nikasema hizi ni za Stella wa Elisaria, zikatoka zote mbili, ya kushoto mbele."

Magari ya kutoka Dar yalikuwa yameshafika, na uwanja umejaa. Mektrida akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kamishna, wewe ni wa Mektrida wa Filemon, wa nyumba hii."

Mbwa akatoka, ukitangulia mkia. Vigelegele vikasikika mpaka kanisani. Basi kila mtu akakumbuka chake, akakiita kwa jina la mwenyewe: akatoka kuku na vifaranga kumi na mmoja, ukatoka mpira, ukatoka mwavuli ukiwa umefunguliwa.

Kelele zikamleta Kornel. "Mnafanya nini shambani kwangu?" akauliza, akaingia awafukuze, naye akapotea.

"Nani kazima taa?" ikasema sauti yake. Ilikuwa saa sita mchana.

"Shikamoo babu," wajukuu wakaiambia migomba.

"Marahaba," ikajibu.

"Tumwache mpaka Pasaka?" Stella akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Mektrida alifikiri kwa muda wa kutosha kitunguu kuiva. Kisha akasema, "Kornel, wewe ni wa kwetu. Wewe ni shemeji yangu."

Kornel akatoka ameshika jani la isale alilokuwa amelidaka asianguke. Sasa, huku kwetu anayekujia na isale mkononi amekuja kuomba msamaha, na hakataliwi. Kabla hajalitupa, watu walikuwa wameshapiga makofi. Kornel akatazama jani, akatazama watu, akatazama mtungi wa mbege, pombe ya ndizi ya sikukuu.

"Basi ndiyo hivyo," akasema.

Mektrida akalipokea. "Nimekusamehe, shemeji. Na mpaka?"

"Mpaka tutauongea."

Akapewa kata ya kwanza. Waliimba mpaka mtori ukaisha, na ngoma ilikuwa ndoo.

Kamishna alikatiwa kola kwenye mkanda wa Filemon, ikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito: WA MEKTRIDA. Stella akamwandikia paka wake, wengine wakaandikia mbuzi na kuku, na kufikia Mwaka Mpya hakuna mnyama wa kitongoji aliyepotea tena.

Masale yalibaki palepale. Januari, Mektrida alifunga kola kama ile kwenye mgomba mmoja wa kile kipande. Siku ya tatu migomba yote ilikuwa imegeuza mikungu kuelekea jikoni kwake.

Kornel akaja na panga. "Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Karibu chai."

"Nitarudi." Akapita kati ya masale mapya, na kwa kuwa alishatajwa kuwa wa kwetu, alionekana vizuri kabisa. Akazunguka migomba mpaka upande wa jikoni, akakata mkungu mkubwa kuliko yote, akauweka begani.

Kamishna akamsindikiza kwa furaha mpaka kwenye visiki vya masale ya baba mkwe. Hapo akaketi, akabweka mara moja, akarudi kulala mlangoni.