Makofi ya Wimbo wa Tatu

Wendell Pawlicki alikuwa muuza mazulia mjini Toledo. Kwa miezi kumi na minne alirekodi santuri yake mwenyewe chini ya nyumba, kati ya tangi la maji moto na mashine ya kufulia, kuta zote kazivika mabaki ya zulia kutoka dukani. Alipiga gitaa, akapiga besi, akapiga ngoma, akaimba sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nyimbo zilikuwa za dakika tatu tatu, zenye kuchangamka, karibu zote kuhusu wasichana wasiopokea simu.

Ilipofika zamu ya jalada, aibu ikamshika. Jina lake mwenyewe mara sita? Watu wangesema hana marafiki, na kweli hakuwa nao wengi. Basi akabuni wenzake: Dell Hruska kwenye ngoma, Augie Sands kwenye besi, Chip Dombeck kwenye makofi. Akachapisha nakala mia tatu, moja akaipeleka kwa jarida la muziki la Chicago, kisha usingizi ukamruka mwezi mzima.

Jarida lilipofika, mkewe Nadine ndiye aliyelifungua, akasoma kwa sauti huku akikaanga pierogi, sambusa za Kipolandi.

"‘Sauti ya mwimbaji ni ya kawaida.’ Pole, mume wangu. ‘Lakini makofi ya wimbo wa tatu! Chip Dombeck anapiga makofi kama mtu aliyependa kwa mara ya kwanza.’" Akazima jiko. "We Wendell. Huyu Chip ni nani, na alisimama lini kwenye ngazi zangu?"

Maana makofi yalikuwa ya Nadine. Alisimama ngazini, ambako sauti ilivuma vizuri, akarudia mara arobaini na moja, viganja vikawa vyekundu na chakula kikaungua.

"Nilidhani watu watacheka," Wendell akasema. "Bendi gani hii, mtu na mkewe?"

"Kumbe unanionea aibu."

"Si wewe, Nadine!"

"Haya. Jumamosi mwite Chip akupigie."

Jumamosi Wendell alikuwa atumbuize kwenye duka la santuri la mzee Orrin. Alibembeleza wiki nzima, akaleta maua, akaosha hata madirisha. Nadine hakutetereka. Ikabidi awaombe wenzake wawili wa mchezo wa bolingi, nao walipiga makofi kama watu wanaoua nzi. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye kiitikio, hadhira ikajaribu kuwasaidia, kila mmoja kwa wakati wake. Nadine alikuwa nyuma kabisa, kavaa koti, kakunja mikono.

Wendell akaacha kupiga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa akiumbuka mbele ya watu thelathini na wawili.

"Hakuna Chip," akasema. "Wala Dell, wala Augie. Vyote nimepiga mimi, isipokuwa makofi. Makofi ni ya mke wangu, Nadine, yule pale. Nilimficha kwa sababu mimi ni mpumbavu."

Watu wakageuka. Nadine hakutabasamu.

"Imeandikwa wapi?"

"Nini?"

"Hayo unayosema. Chip ameandikwa. Mimi nimeandikwa wapi?"

Orrin, aliyekaa kwenye ndoa miaka thelathini, alielewa haraka. Akaleta kalamu na boksi la nakala zilizobaki. Wendell akakaa juu ya spika, akamkata Chip na kumwandika Nadine, jalada baada ya jalada, huku watu wakimngoja. Wengine walitoka kununua soseji wakarudi. Kwenye la arobaini mkono ukamuuma, akaandika "N. Pawlicki".

"Jina langu lina herufi sita, Wendell," ikasikika kutoka nyuma.

Akalirudia.

Alipomaliza, Nadine alichukua jalada la mwisho, akalisoma polepole. Midomo ilimcheza kidogo. Akamkabidhi Orrin mkoba, akavua koti, akasimama kando ya mumewe.

"Toka mwanzo," akasema. "Na usiukimbize wimbo. Chip alikuwa anakuvumilia, mimi hapana."