Udi wa Ijumaa

Filamu ya Kihindi ikafika pale mwanamume anapotakiwa achague: mkewe au yule mwengine. Nikamuuliza mume wangu, Hamed, "Ungekuwa wewe, ungemchukua yupi?"

"Mke wangu!" Alirukia kujibu hata sijamaliza. Mtu hajibu mbio vile ila awe ameshajitayarisha.

Nikamlalia begani. Kanzu yake inanukia udi, tena si wangu. Nguo zake namfukizia mimi, na chetezo changu kimevunjika tangu wiki iliyopita.

"Udi huu umeutoa wapi?"

"Msikitini. Leo Ijumaa, si wanafukiza?"

Nikaipindua shingo ya kanzu, nikanusa kwa ndani. Huko ndiko kunakonukia zaidi.

"Na huko msikitini, Hamed," nikamwambia, "nani aliyekuvua kanzu?"