Dakika Mbili za Mama Kapya

Mume wangu Chomba aliimba katika kwaya ya kanisa letu, hapa Makomeno, miaka ishirini. Jumapili ile alikuwa anatimiza mwaka kaburini, na mchana saa tisa ningemaliza matanga. Nilitaka kitu kimoja tu: kwaya ije nyumbani imwimbie, nisimlilie tena peke yangu. Viti arobaini vilikuwa tayari uani, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, jikoni.

Kanisani kwetu hutangazi jambo wala huiti kwaya bila protokole. Dédé, mkuu wa protokole, glavu nyeupe mikononi katika joto la Oktoba, alinipa dakika mbili na karatasi ya majina.

"Mama Kapya, unasalimia kwanza. Kufwata karatasi. Usiruke muntu."

Nikashika maikrofoni. "Nasalimia Papa Askofu, Daktari, Mutume, Jenerali wa Maombi, Kangwa!"

Makofi. Jenerali mzima, na hajawahi kufika kwangu kunipa pole. Nikamsalimia mkewe, Mama wa Mataifa, ninayemjua tangu akiuza mikate. Makofi, akasimama, akazunguka ili kofia yake ionekane pande zote. Wainjilisti sita. Washauri wa Askofu. Mashemasi waliostaafu. Kumbe karatasi ilikuwa na upande wa pili! Kila jina na makofi yake, na makofi yote yalikula dakika zangu.

Nilipomaliza nikavuta pumzi. "Bandugu, leo bwana yangu Chomba..."

Maikrofoni ikazimwa.

"Mama alisalimia muzuri sana!" Askofu akasema. "Tumupigie makofi."

Wakapiga. Hata kwaya ilipiga. Nikamfuata Dédé mlangoni.

"Dédé, nilibakia na neno moja tu."

"Mama, temps iliisha. Dimanche yenye kuya."

Matanga hayangoji Jumapili ijayo.

Saa tisa nilikaa uani, mimi na viti thelathini na tisa vitupu. Nilikuwa mpweke kuliko siku niliyomzika. Saa kumi Rabia, jirani yangu Mwislamu, alichungulia juu ya uzio, akaona viti, akaingia. Hakuwa na karatasi.

"Pole, yaya," akasema, akiniita dada yake mkubwa.

Akakaa karibu yangu, akatazama viti.

"Na bantu ba kanisa, beko wapi?"

"Bangali banasalimiana," nikamjibu, na machozi yakanitoka.

Rabia hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani mbili za sombe.