Mkamwana Aliyefika Kinyumenyume

Asubuhi ile Tulinagwe alifunga ndoa Tunduma, na kabla hata pilau haijamshuka tumboni alikuwa njiani kwenda kwa wakwe zake Ikinga, akiwa na hofu moja tu: baba mkwe. Maneno ya mzee Anania yalikwisha kumfikia. Binti wa mpakani, muuza vitenge aliyezoea kubishana bei na madereva wa Zambia ana kwa ana, ataijulia wapi heshima? Kwao Ikinga mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona anageuka, anampa mgongo. Na watu wa Tunduma, alisema mzee, wana macho makavu.

Raphaeli, bwana harusi, hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na gari. Lilikuwa la mtumba kutoka Japani, na alilisifia tangu walipopita mji wa Mpemba.

"Mke wangu, hili linavuta tairi zote nne. Kwenye lami nguvu inakaa mbele. Za mbele zikianza kuteleza tu, kuna kitu kule nyuma kinabana, nguvu inagawanywa, na za nyuma zinasukuma. Lenyewe tu, wala hugusi kitu!"

"Sijakuuliza," Tulinagwe akacheka.

Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mlima wa mwisho ulikuwa utelezi mtupu. Gari lilipanda kidogo, tairi za mbele zikaanza kuzunguka bure na kurusha tope hadi kwenye vioo. Wakasubiri za nyuma zisukume. Za nyuma zilitulia kama wageni wanaosubiri chai.

"Mbona nguvu haigawanywi?" Tulinagwe akauliza.

Raphaeli alizima injini, akajikuna shingo, na ukweli ukatoka. Fundi Watson alikuwa amemshauri afungue propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu nyuma, ili gari lisinywe mafuta. "Ipo kwenye buti," alisema kwa sauti ndogo. "Pamoja na mashuka yako."

Tulinagwe alikasirika, kisha akamwonea huruma, kisha akalitazama gauni lake jeupe na lile tope. Afike kwa mzee yule amechafuka hadi magotini? Hapana. Alichungulia dirishani. Tairi za mbele, huko juu, zilikuwa nyepesi, zinacheza tu. Uzito wote ulikuwa umelalia zile zisizofanya kazi.

"Geuza gari. Zinazofanya kazi zikae chini, zibebe uzito. Panda kwa rivasi."

"Nifike kwa baba kinyumenyume?"

"Ulitaka kufika kwa propela ya kwenye buti?"

Walishuka taratibu hadi bondeni, wakageuza. Raphaeli alitoa kichwa dirishani na kukanyaga mafuta. Gari likateleza, likashika, likapanda. Tulinagwe alikodolea macho bonde, hakuthubutu kugeuka. Huko juu, nyumbani kwa wakwe, vigelegele vilianza, vikakatika, vikaanza tena kwa nguvu zaidi.

Gari liliingia uani kisogo mbele. Mzee Anania alisimama mlangoni, na alichokiona ni mgongo wa bibi harusi, tangu bondeni hadi kwake. Alimwita mkewe amfikishie maneno.

"Mwambie mkamwana wangu nimeona. Sijawahi kuheshimiwa na gari zima!"

Machozi ya furaha yakamlengalenga Tulinagwe. Raphaeli alipofungua mdomo aeleze, alifinywa paja akanyamaza.

Lakini buti halikufinywa. Vijana walilifungua washushe mashuka, na propela ikaanguka, ikabingirika hadi kwenye viatu vya mzee. Mzee, ambaye ujana wake uliishia kwenye malori ya kahawa, aliitazama, akaitazama barabara, akamtazama mwanawe.

"Kumbe!" alisema. "Mama Raphaeli, mwambie mkamwana kwamba mgongo ni mgongo, nimeupokea. Na kuanzia leo habari za gari aamue yeye. Huyu mwanao airudishe hii mahali pake."

Tulinagwe alikuwa ameshuka, bado amempa mgongo. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na mzee alipoyaona mabega yale naye akaangua kicheko.