Kochi la Mgeni Rasmi

Niliota usiku wa jana, na mpaka sasa ninavyoandika bado nina hasira.

Tuko kwenye ule ukumbi wa kale wa mawe, usio na paa, ambako tamasha letu la kiangazi linafanyika. Mimi ni mwigizaji. Nimevaa gauni la malkia na taji la bati linalonibana masikio. Mama yangu amekaa safu ya juu kabisa, juu ya jiwe, mkoba magotini. Hajawahi kuja kunitazama hata mara moja. Siku zote anasema hawezi kuacha kazi zake akaangalie mtu mzima anajiliza mbele za watu. Leo amekuja, na ameniambia waziwazi kwamba magharibi ikiingia anaondoka.

Jua liko karibu na ukuta. Nikapanda jukwaani, nikafungua mdomo.

"Bado," likasema kochi.

Ni kochi la mgeni rasmi, jekundu, lenye kitambaa cha kufuma mgongoni. Limewekwa mbele kabisa, na pembeni yake kuna meza ya maua ya plastiki na chupa ya maji. Hakuna aliyelikalia.

"Bado nini?"

"Mgeni rasmi hajafika. Haanzi mtu hapa."

"Mama yangu anaondoka magharibi."

"Namheshimu sana mama yako," likasema kochi. "Lakini utaratibu ni utaratibu."

Nikamwendea mshereheshaji. Mshereheshaji ni nguzo ya mawe iliyovunjika juu, imevaa tai. Nikaiomba walau ifungue shughuli. Ikakohoa, ikaanza kutambua waliohudhuria, na waliohudhuria ni mawe. Kila jiwe likitajwa linasimama, linapunga mkono, linaketi. Watu waliolikalia wanamwagika chini, wanajipangusa, wanapanda tena. Mawe yale yana miaka elfu mbili na hakuna hata moja lililokubali kurukwa.

"Sema itifaki imezingatiwa, yaishe!" nikapiga kelele.

"Tumuulize mwenyewe," ikasema nguzo.

Itifaki alikuwa amekaa pembeni, mzee mwembamba mwenye suti iliyompwaya.

"Mzee, umezingatiwa?" nguzo ikamuuliza.

"Sijazingatiwa hata kidogo," akasema. "Hata maji sijapewa."

Nikachukua ile chupa mezani, kochi likapiga ukunga, nikampa. Akanywa yote taratibu, akafuta midomo. "Sasa nimezingatiwa," akasema, akalala.

Kochi likasema hata hivyo mgeni rasmi bado.

Nikatoka kwa mlango wa pembeni nikamtafute barabarani. Mlango ukanitoa jikoni kwetu. Maharage yako motoni. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuuliza, nikaiuliza sufuria kama imemwona mgeni rasmi.

"Kaondoka mchana," ikasema sufuria. "Kavaa gauni la zambarau, kabeba mkoba. Kaniachia maharage, nikamwambia sawa, lakini sijapenda."

Gauni la zambarau ni la mama.

Nikakimbia nikarudi. Mama amesimama, anavaa viatu. Jua limegusa ukuta.

"Mama, shuka! Mgeni rasmi ni wewe!"

"Mimi? Mimi nimekuja kama mtu tu. Hapa hapa panatosha."

"Mama, nakuomba, shuka ukae kwenye kochi!"

"Usinipigie kelele mbele za watu, Tunu."

Akashuka. Lakini mama hawezi kumpita mkubwa wake bila kumsalimu, na kila jiwe pale ni mkubwa wake. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, hamjambo nyumbani?" "Hatujambo." Anashuka ngazi nyingine. "Shikamoo." Jiwe hili lilitaka kujua na habari za majirani. Nilitamani kulitafuna lile taji.

Hatimaye akaketi. "Karibu sana, mheshimiwa," likasema kochi, na hapo likaanza kumsimulia wageni wote rasmi waliowahi kulikalia, nani alichelewa, nani alikoroma.

Nikaanza. Niseme ukweli, sijawahi kuigiza vile. Malkia anamuaga binti yake anayekwenda mbali, na mawe yenyewe yametulia. Mama ameinama mbele, mkono shavuni. Kochi linaongea. Limebaki neno la mwisho, lile ambalo malkia amelizuia mchezo mzima.

"Nyamaza wewe," mama akaliambia kochi. "Namsikiliza mwanangu."

"Kulikuwa na waziri mmoja," likaendelea kochi.

Jua likazama, nikaamka. Neno lenyewe sikulisema.

Nilikaa kitandani nimefura. Tamasha linaanza leo jioni, na wiki nzima nimemsihi mama aje, akanijibu kwa kubadilisha mazungumzo. Nikaenda jikoni. Alikuwa anakoroga maharage, amenipa mgongo. Gauni lake la zambarau lilikuwa limetundikwa mlangoni, na nyuma, sehemu ya kukalia, lilikuwa na vumbi jeupe la mawe. Jana mama hakutoka nyumbani.

"Onyesho lenu saa ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Saa kumi na moja."

Akaonja chumvi, akafunika sufuria.

"Nitakuja nisikie lile neno la mwisho. Ila kwenye lile kochi sikai tena. Lina domo."