Vidole Chini vya Genge la Fabricio

Fabricio Ledesma alikuwa na miaka arobaini na kitu, na fahari yake yote mjini Rosario ilikuwa kura za Vereda, mtandao wa kubandika picha na habari za mtaani. Ukibandika kitu, watu wanakipa kidole juu kinapanda, au kidole chini kinazama. Kura za mwanzo ndizo zenye nguvu. Zikishakuzamisha, hata ulie damu hakuna atakayekuona. Fabricio alilijua hilo, akajikusanyia genge la mabwege wa kumpandisha yeye na kuzamisha wengine. Basi akajiona rais. Rais wa nini, jamani?

Asubuhi moja ya Julai, ambayo huko ni katikati ya majira ya baridi, baridi ya kuuma mifupa, mama yake, Doña Nélida, ambaye kumbukumbu zilishaanza kumtoka, aliondoka nyumbani bila koti. Noelia, dada yake Fabricio, akatoka mbio kumtafuta. Fabricio akakaa na kikombe chake cha mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, akachagua picha ya zamani ya harusi, ile ambayo yeye mwenyewe ametoka vizuri na mama anaonekana nusu uso. Akaibandika na maneno kwamba mama amepotea, akaliandikia genge: "Pandisheni yangu. Kingine kikianza kupanda, kandamizeni."

Wakakandamiza. Picha ikakaa kileleni, watu wakamwaga pole, na mshenzi yule akawa anahesabu kura. Kila habari mpya aliigonga kidole chini bila kuifungua. Ikapita ya muuza magazeti wa stendi ya mabasi: "Nani anamjua bibi huyu?" Akaigonga. Wenzake wakaimalizia.

Jioni Noelia akapiga simu kutoka hospitali. Mama alishinda kwenye benchi la stendi, vidole vya miguu vimeshakuwa vyeusi kwa baridi, na daktari alikuwa anasema huenda vikakatwa. Muuza magazeti alimfunika kwa koti lake, akabandika picha ya mama, akangoja ndugu mpaka akachoka, ndipo akaita gari la wagonjwa.

"Habari yake imefichwa kwa kura," Noelia alisema. "Kwenye vidole chini, jina lako ndilo la kwanza. Uliifungua?"

Fabricio akababaika, akasema angejuaje, haikuandikwa jina.

"Iliandikwa bibi. Ukaona ni bibi wa watu."

Akasema anakuja sasa hivi.

"Usije. Mama aliniuliza ana watoto wangapi. Nikamwambia mmoja. Akaniamini."