Wageni wa Nyuma ya Ukuta

Asubuhi ya ukaguzi, Lagimalie, mwenyekiti wa kamati ya kina mama, alifagia uwanja kwa fagio la chelewa mpaka mchanga ukabaki na mistari kama kichwa kilichosukwa. Akaokota jani la mshelisheli, akalirusha nyuma ya ukuta wa mawe, upande wa baharini. Kijiji kizima kilitupa huko. Uwanja wenye jani hutozwa katoni ya samaki wa kopo, na mwenyewe hutajwa kanisani. Nyuma ya ukuta hapakaguliwi.

Alipogeuka, taka zilikuwa zinapanda ukuta.

Zilikuja kwa adabu, zikiinama kila zilipopita mbele ya watu, na kila moja ikaenda kwa aliyeitupa. Nyumba za Samoa hazina kuta, zina nguzo, na mgeni hukaa mkekani akaegemea nguzo ya cheo chake. Basi zikakaa: chupa, makopo, mifuko ya tambi, na nepi za kitindamimba wa Lagimalie, Iosua, ambaye siku hizi yuko Auckland anacheza raga na ana ndevu.

"Mama, zako zimejaa mpaka nguzo za mbele," alisema Sieni, mkwewe.

"Zangu? Nani alikuwa akizipeleka?"

"Nilitumwa, mama. Zenyewe zinamjua mwenyewe."

Jirani yao Tausani, ambaye uenyekiti anauota hata mchana, alichungulia. "Mwenyekiti, naona una ugeni. Kwangu zimekuja mbili tatu tu, si unajua sisi watu wadogo."

"Zako ziko njiani, shoga. Ni nyingi, zinakwenda kwa msafara."

Tausani akarudi kwake kuangalia.

Wakaguzi wa wilaya walikuwa wameshafika kanisani. Wangekuta karatasi moja tu kwa Lagimalie, uenyekiti ungehamia kwa Tausani kabla ya chakula cha mchana. Lagimalie alizoa taka kapu zima, akazimwaga nyuma ya ukuta. Zikarudi, zikaomba radhi kwa kupita tena, zikakaa palepale.

Hapo Lagimalie akaacha kuzitupa. Alitandika ile mikeka laini ya harusi, akazikaribisha moja moja.

"Sieni, koroga kakao. Mgeni aliyekwisha kukaa mkekani hafukuzwi."

Mama Faanati, mkuu wa wakaguzi, alizunguka uwanja wote asione hata jani. Alipoingia nyumbani akaona nguzo zote zimeshikwa na wageni. Akainama, akawaamkia kwa vyeo, chupa kwanza, nepi mwisho.

"Mna ugeni mkubwa."

"Ndugu zetu wa baharini."

"Wanaondoka lini?" aliuliza msaidizi wake.

"Mgeni haulizwi hilo, we mtoto," Faanati akamkata.

Akaandika kwamba uwanja ni safi. Wakanywa kakao, wakala biskuti, wakampongeza mwenyekiti kwa kubaki na kiti chake, wakapanda basi.

Sieni alikusanya makaratasi ya biskuti. Akasimama nayo mkononi.

"Mama, na haya niyapeleke wapi?"

Lagimalie alikuwa amekaa katikati ya nyumba yake, mgongo unamuuma, kwa kuwa hakubakiwa na nguzo ya kuegemea.

"Ukutani, mwanangu. Kwingine wapi?"

Sieni akaenda. Nyuma yake wageni wakasogeleana kidogo, wakaacha nafasi.